Mkono Mdomoni

Siku ya posa ya binti yake, Evelina alikuwa na hofu moja tu: wageni kutoka kijiji cha Kwai wasije wakauona mdomo wa Happiness. Kuku walikuwa wameshachinjwa, viti vya kuazima vimepangwa sebuleni, na mawifi wamejaa jikoni wanamenya viazi kwa kelele.

Meno ya Happiness yalikuwa yamepandiana. Tusizunguke. Ya mbele yalisukumana mpaka moja likatokeza nje na kuinua mdomo wa juu, na kule nyuma chini jingine lilikuwa limelala ubavu, limebanwa na mwenzake. Evelina alikuwa na maelezo yake ya siku zote. "Hayo ni meno ya ukoo wa baba yake," alizoea kuwaambia majirani pale Lukozi, huku pindo la kanga likiwa mdomoni mwake mwenyewe. Mumewe Hezekia, ambaye meno yake yamepangana kama punje kwenye gunzi, hakubisha. Dada zake walikuwa wengi, akadhani labda yametoka kwa mmoja wao.

Uongo mtupu! Meno yalikuwa ya Evelina. Hezekia hakuwahi kuyaona vizuri, kwa sababu wanawake wa nyumba ile hula jikoni, na Evelina tangu aolewe hajatafuna kitu mbele ya mwanamume. Msimu wa peasi ukifika, wenzake wanazing'ata shambani zikilia kwa ugumu, yeye anazichemsha na kusema ndivyo anavyozipenda.

Happiness alipokuwa shule ya msingi, wataalamu wa meno walikuja shuleni, wakawaambia baadhi ya wazazi, Evelina akiwemo, wawapeleke watoto hospitali mapema, taya likiwa bado linakua. Evelina alirudi nyumbani amefura. Alijiona kama amevuliwa nguo mbele za watu. Jioni hiyo akamkalisha mtoto kwenye kigoda, akamshika mkono wa kulia, akaupeleka mdomoni. "Ukicheka, hivi. Ukiongea na watu wazima, hivi. Msichana mwenye adabu haaniki meno." Mtoto akalishika somo. Kanisani akina mama wakaanza kumsifia: jamani, yule binti wa Evelina ana haya, hata kucheka anajifunika! Na Evelina akazipokea sifa hizo bila kupepesa macho.

Lile jino lililolala halikuwa na habari na sifa. Lilishika chakula, mswaki haukulifikia, fizi zikawa zinatoa damu. Happiness akazoea kutafunia upande mmoja, na kichwa kikawa kinamgonga kila jioni. Mama akampa karafuu ya kuuma na maji ya chumvi ya kusukutua, akasema litapoa. Likapoa, likarudi, likapoa tena. Wiki ya posa likarudi kwa nguvu, na shavu likavimba mpaka chini ya kidevu.

"Mama, twende hospitali," Happiness alisema siku moja kabla ya wageni. Maneno yalipita kwa shida kati ya meno. "Hata mate simezi vizuri."

"Na uso huo? Wakisikia tumekupeleka kwa daktari wa meno, watataka kujua meno yana nini." Evelina alimpa vidonge vya maumivu vya dukani. "Vumilia mwanangu. Wakishaondoka tu, tunakwenda."

Hivyo ndivyo alivyosema mama mzazi. Akamzungushia kitenge kizito kichwani na mashavuni mpaka yakabaki macho. Ilikuwa Julai, ukungu umeshuka mpaka mlangoni, baridi inakata masikio. Nani angeuliza?

Wageni wakafika. Aliyewaongoza ni mshenga wao, Mzee Clemence, na pamoja naye alikuwa Modesta, shangazi yake Tobia, kijana mfuga ng'ombe aliyempenda Happiness. Shikamoo zikapita, chai ikanyweka, maneno ya heshima yakasemwa. Kisha binti akaitwa, akapiga magoti mbele ya baba yake.

"Mwanangu," Hezekia akauliza, "unawafahamu wageni hawa?"

Kila mtu pale anajua desturi. Binti anayeikubali posa hujibu kwa kinywa chake, na sauti isikike chumba kizima. Kutikisa kichwa hakuhesabiki, asije mtu akasema kesho kwamba alilazimishwa.

Happiness hakujibu.

"Ana haya!" Modesta akacheka. "Tobia alituambia."

Hezekia akauliza tena. Kitenge kikatikisika kidogo, ikasikika kama sauti ya mtu anayekoroma, basi. Watu wakatazamana. Alipouliza mara ya tatu, Mzee Clemence akaweka kikombe chini.

"Mzee mwenzangu," akasema kwa upole, "binti akinyamaza, mgeni anaelewa. Hatukuja kumlazimisha mtoto wa watu." Akachukua kofia yake.

Happiness akamgeukia mama yake. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na kitenge kimelowa mate kifuani. Evelina akajua papo hapo kwamba mwanawe hakatai. Taya limekaza, mdomo haufunguki. Kulikuwa na neno moja tu la kusema: mtoto anaumwa. Hakulisema, maana baada yake wangetaka kuona.

"Ni haya tu, mtusamehe," Evelina akasema. "Ndivyo nilivyomlea."

Lakini Modesta alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa anasikiliza ile pumzi, inavyoingia kwa mlio mwembamba. Akainuka, akapiga magoti kando ya binti, akakivuta kitenge. Harufu ikajaa chumba. Shingo ilikuwa imevimba, ngozi imekaza na kung'aa, midomo imeanza kubadilika rangi.

"Looo! Huyu mtoto anakufa! Nyie mnatazama nini? Gari!"

Wakamshusha hospitali ya Lushoto kwa gari lile lile la wageni, Modesta amempakata kichwa. Evelina alikaa nyuma kabisa, kanga mdomoni.

Daktari alimpasua chini ya taya kutoa usaha, akamwekea dawa ya mshipani. Alipotoka, alizungumza bila kupaza sauti, na ingekuwa nafuu kama angefoka. "Usaha ulikuwa unashuka shingoni. Mngengoja kesho, njia ya hewa ingeziba. Meno yaliyobanana namna hii hayasafishiki vizuri, chakula kinaozea humo, fizi zinaliwa. Yangeweza kupangwa akiwa mdogo. Hata sasa akipona tunaweza kusaidia." Kisha akauliza, "Nani mwingine katika familia ana meno ya hivi?"

"Ni upande wangu, daktari," Hezekia akajibu haraka, kofia mkononi. "Ukoo wetu. Mimi ndiye nilipaswa kumleta. Nisamehe."

Daktari akayatazama yale meno yake yaliyonyooka. Evelina akatazama sakafu. Alitamani ardhi ipasuke. Na bado kanga ikabaki mdomoni.

Siku chache baadaye, wageni wa Kwai walikuja wodini. Mzee Clemence alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha jirani, akacheka kidogo. "Mzee mwenzangu, jibu la lile swali lako bado tunalidai."

Hezekia akajikohoza. "Mwanangu, unawafahamu wageni hawa?"

Happiness, bandeji shingoni, akainua mkono wenye mrija wa dripu, taratibu kwa sababu uliuma, akaufikisha mdomoni. Nyuma ya mkono huo akajibu kwa sauti ya kukwaruza, "Nawafahamu, baba."

"Mnamwona!" Modesta akapiga makofi. "Hata kitandani ana adabu. Hongera, mama, ulimlea mtoto."

Sifa ile ile ya kanisani. Safari hii ilimpiga Evelina kifuani. Aibu aliyoikimbia tangu usichana ilikuwa ndogo sana mbele ya hii. Akasogea, akaushika mkono wa mwanawe ili aushushe, lakini Happiness akaukaza, kama alivyofundishwa.

"Usinisifu, dada," Evelina akasema. Sauti ilitoka ndani ya kanga. Akaona kwamba inatoka ndani ya kanga, akaiachia ikaanguka. "Baba Happiness, ukoo wako hauna kosa. Meno ni yangu. Nilijua yanavyouma, nikamfundisha kuyafunika."

Akafungua mdomo wote mbele ya mumewe, mbele ya wageni, mbele ya wagonjwa wengine: yaliyopandiana mbele, mapengo meusi nyuma. Midomo ilimtetemeka lakini hakuifunga. Hezekia akatazama, akatazama tena.

Ndipo Happiness mwenyewe akaushusha mkono wake.