Chembe Nyeupe za Igihozo

...kumi na saba, bado dakika kumi na saba, mashini inanguruma polepole juu ya meza, na yeye amekaa pale kwenye benchi upande wa pili wa dirisha, hajasogea, amefunga kitenge kichwani mpaka kwenye nyusi, miguu imebaki mifupa, na mimi nasema moyoni vizuri, vizuri sana, wacha namba iwe ndogo, wacha mashini itafute na ikose cha kuhesabu... lakini kwa nini hapa, Goma ina vituo vingapi, hata tangu uwanja wa ndege ufungwe na vipimo vikawa vinakuja kwa bahati, wako wengine wanaopima, kwa nini dirisha langu, nilipewa karatasi ya daktari nikasoma jina, Igihozo, nikadhani ni Igihozo mwingine, wasichana wa Rutshuru wenye jina hilo ni wengi, kisha nikainua macho nikamwona mke wa mdogo wangu, mjane wa Florent, yule tuliyemfukuza kwetu Majengo mwaka jana, na nilivaa glavu nikamwambia, "Mama, leta kidole," kama mtu nisiyemjua, akaleta, kidole baridi, ilibidi nikikamue mara tatu damu itoke, nilikikamua kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akakiacha mkononi mwangu... na sasa tone lake liko mle ndani, najua vizuri linachofanyiwa, miaka kumi na miwili niko kwenye labo hii, mle ndani kuna dawa yenye rangi inayozitafuta chembe nyeupe za damu, na haizitafuti zote, inatafuta zile tu zenye protini moja juu ya ngozi zao, CD4, inaishika, inawaka, na mashini inahesabu zinazowaka, basi, na wanafunzi wa staji, wanaojifunza kazi hapa, nilizoea kuwaambia, angalieni, ni protini hiyohiyo virusi vinaishika ili viingie ndani, chembe haina namna ya kuivua, wao wanaandika haraka haraka, wanadhani wataulizwa kwenye mtihani... mtu mzima ana mia saba, ana elfu, huyu hana, huyu naona kwa macho tu kwamba hana, ile rangi ya shavu, utando mweupe kwenye ulimi aliposema jina lake... "Inabakia mingi?" anauliza kupitia dirisha, na mimi najibu bila kugeuka, "Kumi na tano, mama, tulia"... atulie, ametulia siku zote, ndicho kilichomkasirisha mama yangu tangu mwanzo, msichana wa Kalengera, kule Rutshuru, hapigi kelele, mama alitaka Munande mwenzetu, alitaka mtu wa Butembo, wa parokia yetu, lakini Florent alikuwa anapitisha maharagwe Kalengera kila wiki na kila wiki anarudi akicheka peke yake, tukafanya nini, tukakubali, na mimi nilikuwa wa kwanza kukubali, kwa sababu mimi peke yangu nilijua... hapana, usiende huko, angalia mashini, kumi na nne... nilijua kwa sababu Florent alikuja hapahapa, miezi mitano kabla ya posa, anakohoa, ananiambia yaya, mimi dada yake mkubwa, nipime bila mama kujua, nikampima, kipimo cha kwanza kikasema ndiyo, cha pili ndiyo, nikaweka damu yake kwenye ile mashini kubwa ya zamani ikahesabu, ikatoa namba ndogo, nikaiandika kwenye karatasi nikasaini, Kaswera, na tarehe, akanishika mikono miwili akasema, "Yaya, siri ya kazi," nikasema siri ya kazi, akasema, "Nitamuambia Igihozo miye mwenyewe, kisha ndoa," na mimi nikanyamaza, sheria inasema ninyamaze, naweza kuionyesha sheria hiyo, imebandikwa mlangoni... sheria haikusema niende Kalengera kumposea mke, na nilienda, hilo halimo... basi yakaenda, wakaoana, Florent alikunywa dawa akanenepa, miaka minne hakuna aliyejua, hata mimi nikaanza kusahau, kisha mchungaji mmoja akamwekea mkono kichwani akamwambia umepona, Florent mwenyewe aliyetaka kupona akazitupa dawa, miezi minane akawa kamba, tukamzika mvua ikinyesha, na jioni ileile mama akaanza, nani amemuua mutoto wangu, nani ameleta hii ugonjwa ndani ya nyumba yangu, watu wote uani, shangazi, majirani, viti vya kukodi, macho yanazunguka, na mimi nikaona macho yatanifikia, watasema huyu ndiye wa labo, huyu hakosi kujua, na mama angekufa hapohapo kama angejua kwamba nilijua, ndiyo maana nilifanya, si kwa ajili yangu, kwa ajili ya mama... kumi na mbili... niliingia chumbani mwao, nikafungua sanduku la Igihozo, nikakuta chupa ya dawa, jina lake limeandikwa, nikadhani aligundua ugonjwa wake kliniki wakati wa mimba ile iliyotoka, nikatoka nayo nimeiinua juu, "Angalieni, njo hii alikuwa anaficha, miye niko mutu wa labo, ninajua, njo yeye aliileta," na nilivyosema niko mutu wa labo hakuna aliyeuliza tena, mama akaangukia chini, shangazi akamvua Igihozo kitenge, nikaifungua ile chupa nikazimwaga zote kwenye mawe ya volkano nyuma ya choo, vidonge vya miezi mitatu, vinaruka juu ya mawe meusi, nikavikanyaga, na nilisikia raha, nisidanganye, nilisikia raha mpaka kwenye meno... akaondoka bila viatu, akaenda kwao, kisha vita ikawahamisha, kisha kambi, kisha kambi ikafungwa, ni mwaka na miezi bila dawa, huhitaji mashini kujua hesabu hiyo... na sasa sikiliza, Kaswera, fikiria vizuri, una dakika kumi, mashini haina karatasi ya kutolea jibu tangu Februari, jibu linaandikwa kwa mkono wako kwenye fishi ya mgonjwa, chini ya mia mbili daktari anamlaza leo leo, dawa za mapafu, dawa za ubongo, kifua kikuu, maswali, ulianza lini, uliacha kwa nini, nani alikunyang'anya, na ataeleza, atataja jina, daktari atakuja kunitazama usoni... lakini ikitoka thelathini nikaandika mia tatu, sifuri moja tu, atapewa siku ya kurudi mwezi ujao, na mwezi ujao hatakuwepo, angalia ile miguu, wiki tatu, nne, hakuna atakayefungua kumbukumbu ya mashini, hajawahi mtu kuifungua, nani hakosei sifuri, na mama atabaki na amani yake, na mimi... mkono wangu umeshashika kalamu, bic, angalia, mkono hauna aibu... "Yaya Kaswera," anasema. Ameinuka. Amekuja kusimama dirishani, ameshika nondo za dirisha, hajaniita yaya tangu siku ile, na mimi nasema, "Mama, kaa kwa benchi," na yeye hakai. "Kule Himbi kuko labo ingine, daktari alitaka kunituma kule," anasema, pole pole, pumzi inamkatikia, "miye njo nilikatala. Nilimuambia nataka hapa." Nasema juu ya nini, kwa nini hapa. "Juu ya wewe. Yake njo wewe ulihesabu. Na yangu uhesabu wewe"... nini, amesema nini, yake ya nani, hawezi kujua, "Sielewi mama," nasema, na sauti yangu imepanda, na yeye ananiangalia bila hasira, hilo ndilo siwezi, angetukana, angepiga kelele kama watu wengine, "Florent alinionyesha karatasi," anasema, "mwaka wa pili wa ndoa. Alilia usiku muzima. Jina yako iko chini yake, na tarehe. Akanipeleka yeye mwenyewe nikapima, akanishika mukono wakinipa dawa"... mwaka wa pili, basi miaka yote ile, Noeli zote zile, nikimsalimia nikijiona mwenye siri, yeye alikuwa anaijua, alinipakulia sombe akiijua, na siku ile uani, chupa ikiwa juu mkononi mwangu na mimi nikipiga kelele niko mutu wa labo, alikuwa anajua, angefungua mdomo mara moja tu, neno moja, na watu wote wangenigeukia mimi, "Juu ya nini haukusema?" nasikia sauti inauliza, ni yangu, "siku ile, juu ya nini ulinyamaza?" Anafikiri. Anafikiri kweli, kama nimemuuliza bei ya kitu. "Florent alikuwa kwa kaburi masaa tatu tu," anasema. "Sikutaka watu baseme yeye njo aliniua"... na mashini inasema dakika nne, na sasa ni mimi ninayeiomba, hesabu, mnyama wewe, tafuta vizuri, ongeza, toa mia mbili na moja, toa mia mbili na moja tu nisiandike kitu kitakacholeta maswali, jasho linanitoka ndani ya glavu, na hata hapo najijua, simwombei yeye, ninajiombea mimi, sitaki mkono wangu uandike kile mkono wangu ulichofanya... tatu... mbili... wala hawezi kusimama tena vizuri, amelaza paji la uso kwenye nondo lakini macho yake yameshuka, hayako usoni kwangu, yako kwenye fishi, kwenye bic, anaangalia vidole vyangu kama ananifundisha kuandika... mashini inalia. Thelathini na nane. Mia tatu na themanini ni kazi ya nusu sekunde, nafasi ya sifuri ipo, naiona, naandika tatu, naandika nane, na bic inakaa juu ya karatasi, na macho yake hayapepesi, nasaini, Kaswera, naweka tarehe, si huruma, asije mtu akasema ilikuwa huruma, ningekuwa peke yangu ningeiandika ile sifuri, ninajua sasa, ilikuwa tu kwamba alikuwa anaangalia... "Unalala hapa leo," namwambia, "trente-huit, thelathini na nane, daktari atakupa kitanda sasa hivi," na yeye anaitikia kwa kichwa, hakushangaa, anabaki pale dirishani, kuna mgonjwa mwingine nyuma yake anakohoa, anasubiri zamu. "Na yake ilikuwa ngapi?" anauliza. "Karatasi ilikuwa imelowana, sikuona muzuri." Siri ya kazi, nataka kusema siri ya kazi, lakini namba iko mdomoni, haijawahi kutoka mdomoni miaka yote hii, "Cent huit," nasema, "mia moja na nane," na Igihozo anairudia taratibu, anahesabu kitu kwa vidole, miezi labda kutoka tarehe ile mpaka ndoa, kisha anainua macho ananiangalia usoni. "Mia moja na nane," anasema, "na ulicheza kwa ndoa yangu mpaka ukavunjika kisigino ya kiatu."