Karai la Maji Juu ya Lori la Waweru

Waweru alimpenda mkewe Magdalene kuliko kitu chochote duniani, ila lori lake lilikuwa likimfuata mkewe kwa karibu sana. Lilikuwa lori kuukuu, limebeba mawe ya machimbo ya Ndarugu tangu kabla ya vita, na kwa miaka mingi lilikuwa limelalia kushoto. Waweru hakujali. Alipakia magunia mengi zaidi upande wa kulia, safari ikaendelea. Usipoziba ufa utajenga ukuta, watu walimwambia, naye akawajibu kwamba yeye ni dereva, si mwashi.

Ukuta wenyewe aliujenga mwaka 1957, kwenye kona moja kabla ya Witeithie. Lori liliinama, na Magdalene, aliyekuwa ameketi pembe ya nyuma kushoto, akatupwa chini pamoja na gunia la viazi. Mguu ulivunjika mahali pawili. Ulipona, lakini alibaki wa kutembea na fimbo, na tangu siku hiyo hakupanda tena lile lori. Hakumlaumu mumewe hata mara moja, na hilo ndilo lililomchoma Waweru. Angetukanwa, angalau angepata usingizi.

Mwaka uliofuata, kwaya ya kanisa lao la Ruiru, ambayo Magdalene ndiye aliyeiongoza, ilialikwa kuimba Thika siku ya kufunguliwa kanisa jipya. Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni haikuwa imekwisha, na watu hawakusafiri bila kibali. Kibali cha safari kilitolewa kwa Jumapili moja tu, na gari lililoandikwa kwenye kibali lilikuwa la Waweru. Ama Magdalene apande, ama kwaya iende bila kiongozi.

"Lakini nimeshatengeneza, Mama Ngendo," Waweru alimsihi. "Springi ya kushoto nimeiongezea vyuma viwili vipya. Si unaona gari imesimama sawa?"

"Imesimama sawa ikiwa tupu," Magdalene akasema. "Mimi sikuanguka ikiwa tupu. Nimemwita mzee Muthoka."

Muthoka alikuwa mhunzi wa Kikamba kutoka ng'ambo ya Thika, aliyetengeneza malori ya mashamba ya mkonge. Alifika Jumamosi asubuhi na mfuko wa vyuma begani na karai mkononi. Waweru alipoona karai alicheka, akamuuliza kama amekuja kukoroga simiti.

Mzee alizunguka uwanja wa kanisa, akaweka karai chini, akalijaza maji hadi ukingoni, akayatazama, akasogea hatua mbili, akajaza tena. Ilimchukua Waweru muda kuelewa kwamba mzee alikuwa akipima ardhi kabla ya kupima gari. Hapo kicheko kilimwisha. Katika miaka yake yote ya udereva hakuwahi kujiuliza kama gari linainama au ni ardhi.

Lori likaletwa mahali pale palipo sawa, karai likawekwa katikati ya sakafu yake, likajazwa pomoni. Maji yakatulia. Waweru akajipiga kifua.

"Sasa wapandishe akina mama," Muthoka akasema.

Wanakwaya wote isipokuwa Magdalene walipanda wakitaniana, karibu nusu huku, nusu huku. Vicheko vilikatika ghafla, kwa sababu maji yalianza kumwagika, polepole, upande wa kulia.

"Ngai!" Waweru alisema.

"Vyuma vipya ni vijana, vya zamani ni wazee. Vijana umewapa kazi upande mmoja, na upande mwingine umewaachia wazee peke yao," Muthoka akamwambia. "Bila mzigo huwezi kuona. Mzigo ukija, wazee wanachoka."

Wanawake waliposhuka, Waweru aliingiza jeki akaliinua lori nyuma, na kwa mazoea akaanza kujitelezesha chini yake. Mzee alimshika mguu akamvuta nje.

"Jeki ni ya kuinua," alisema, "si ya kuamini."

Aliwekea magurudumu ya mbele mawe mbele na nyuma. Akasimamisha magogo manene ya mkaratusi chini ya chesi, ile fremu ya chuma inayobeba lori, akaishusha jeki mpaka uzito wote ukakaa juu ya magogo, kisha akalisukuma lori kwa bega, kwa nguvu zake zote. Halikutikisika. Ndipo akaingia. Alipofungua springi, vile vyuma bapa vilivyopangwa kirefu juu na kifupi chini, alivibana kwanza kwa jiliwa kabla ya kulegeza bolti ya katikati. Chuma kilichokunjwa kina hasira, alisema.

Vyuma vya pande zote mbili vikalala nyasini. Mzee aliinua kimoja kimoja, akakigonga kwa nyundo, akasikiliza. Vililia kama kengele. Lakini kimoja cha upande wa kulia kilitoa sauti butu. Akakipangusa grisi, akamwonyesha Waweru ufa mwembamba kama unywele. Waweru alikuwa amepitisha mkono juu ya chuma kile mara ngapi? Akaketi chini. Aliona kwamba yule mzee anasikia kitu ambacho yeye, mwenye mali, amekuwa akikiendesha kwa miaka bila kukijua.

Muthoka alitoa chuma kizima katika mfuko wake wa vyuma badala ya kile cha ufa. Vile vipya viwili alivitenganisha, kimoja kulia, kimoja kushoto, na wale wazee, vyuma vya zamani, akawagawa vivyo hivyo. Jua lilikuwa limepita utosini lori liliposhuka juu ya magurudumu yake.

Karai likajazwa tena. Wanawake wakapanda, safari hii bila utani. Muthoka akahesabu, akatikisa kichwa.

"Upande wa kushoto amepungua mtu."

Magdalene alimpa fimbo yake Waweru. Akashika ubao, akapanda, taratibu, akakataa kila mkono aliopewa, akaenda mpaka pembe ya nyuma kushoto, pembe ileile, akageuka akasimama.

Waweru alikuwa ameikumbatia ile fimbo kifuani. Alikuwa akiogopa kupumua, na machozi yalikuwa yakimtiririka mbele ya kwaya nzima bila haya.

"Baba Ngendo," Magdalene akamwita kutoka juu, "usiniangalie mimi. Angalia maji."

Akaangalia. Yalikuwa yamejaa hadi ukingoni, pande zote.