Siku 1,095 Bila Ajali

Ubao ulitundikwa juu ya geti la kiwanda cha mawese cha Mzee Castory, pale Gungu, na kila asubuhi Frida, karani, alipanda stuli kubadilisha tarakimu. Alhamisi hiyo ulisomeka: SIKU 1,062 BILA AJALI. Saa nne mkanda wa mashine ya kukamua ukamdaka Selestini mkono wa kulia, ukaukata kwenye kifundo. Damu ilipiga paa. Nyingine iliingia kwenye pipa la mawese, na kwa kuwa rangi ni ileile, pipa likauzwa sokoni Mwanga siku hiyohiyo.

Frida akatoa fomu ya madai.

"Rudisha kabatini," alisema Castory. "Zimebaki siku thelathini na tatu."

Hesabu hiyo kila mtu aliijua. Kampuni ya bima hutazama madai ya miaka mitatu iliyopita: wafanyakazi wakidai, ada ya tajiri hupanda, wasipodai, hushuka. Castory aliahidi kwamba zikitimia siku 1,095 atachinja mbuzi wawili na kila mfanyakazi atapata gunia la mchele. Kwa ajili ya gunia hilo Martini alishatia mfukoni vidole vyake viwili vilivyokatika, akaendelea kupakia. Usimwone mjinga. Ana watoto.

Basi ikaandikwa kwamba Selestini alijikata nyumbani akichanja kuni. Mkewe, Eufrasia, akauviringisha mkono kwa kanga, akauzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba.

Jumatatu mkono ukaja kazini. Ulikuwa na udongo kwenye kucha. Ulipita getini saa moja kasoro, ukapanda mezani kwa Frida, ukasaini daftari la mahudhurio, ukaenda kwenye mashine.

"Leo umewahi," alisema Frida, maana Selestini mzima alikuwa mchelewaji.

Ulichapa kazi na haukwenda kula mchana. Castory aliulipa robo mshahara, na wote wakaona ni haki, kwani ulikuja peke yake.

Selestini hakukubali. Alikuwa na watoto wanne, na bila fidia hakuwa na cha kuwapa. Akaiandikia kampuni ya bima kwa mkono wa kushoto, herufi zikilala huku na huku, na siku ya 1,090 akaja mkaguzi, Adolf, mtu mpole mwenye mkoba.

Adolf akafunua daftari. "Ndugu Selestini, umesaini kila siku tangu Jumatatu baada ya kuumia. Mtu aliye kazini hadai fidia."

"Anayesaini ni ule pale." Selestini akaunyooshea kigutu.

"Nauona. Basi ule usaini na fomu hii. Sahihi yako ya kushoto hailingani na iliyo kwenye faili."

Mkono ukaja mezani, ukashika kalamu.

"Saini, mwenzangu," Selestini aliusihi. "Saini tukapumzike."

"Ukisaini, kazi huna," alisema Castory.

Mkono ukalaza kalamu kwa adabu, ukamrukia Castory koo.

Ulimkaba barabara. Macho yalimtoka, akaanguka na kiti chake, meno mawili yakabaki sakafuni. Adolf akasogeza mkoba usije ukachafuka. Martini na wenzake wakaja mbio na nyundo. Wangeweza kuubembeleza, ukamwachia tajiri na kurudi kwenye kalamu. Lakini zilibaki siku tano, na mchele ulishaagizwa. Wakauvunja vidole kimoja kimoja, wakianza na gumba, na kwa kila kidole Selestini aliruka akipiga mayowe.

"Jamani, ni mimi! Martini, ni mimi huyo!"

"Tunajua, ndugu yangu," alisema Martini, akavunja cha tano. "Pole sana."

Frida akamwinamia Castory. "Nijaze fomu, Mzee?"

Castory, shingo imevia damu na sauti imekwisha, akatikisa kichwa. Akaomba karatasi, akaandika: *Nyumbani. Nilikuwa nachanja kuni.*

Adolf alisubiri dakika kumi. Mkono ulijaribu kalamu mara tatu, ikaanguka mara tatu. Akaandika kwamba hakuna madai, akaaga vizuri, akapanda bodaboda.

Ada ikashuka. Mbuzi wakachinjwa, na hotuba ya Castory akaisoma Frida, kwani mwenyewe hakuwa tena na sauti: "Kidole kimoja hakivunji chawa. Ahsanteni kwa ushirikiano." Wakapiga makofi. Gunia la Selestini alilipeleka Martini mwenyewe, na Eufrasia akalipokea bila kumkaribisha. Alilia sana. Kisha akapika, maana watoto walikuwa na njaa.

Mkono haukufukuzwa. Ulipewa kazi nyepesi. Frida magoti yanamsumbua siku hizi, kwa hiyo kila asubuhi mkono hupanda stuli, vidole vimepinda, ukabandika tarakimu mpya kwa kuikandamiza na kiganja. Leo umebandika 1,131. Selestini husimama ng'ambo ya barabara, ameshikilia kigutu, mpaka umalize.