Zimeni Mashine Mkifika Kaburini

Nyinyi mtakaopanda mlimani mwezi wa nne kusafisha makaburi ya wazee, nawaomba, mkifika zimeni mashine za kufyekea kwanza. Chungulieni majani. Mimi niliishia darasa la sita, sina maneno makubwa, nina hofu tu, na hofu yenyewe ndiyo inayoniandikisha.

Zamani bonde letu la Puli lilikuwa la vipepeo. Aliyezaliwa juzi haamini. Ulikuwa ukianika shati kando ya mto, ukirudi unalikuta limegeuka rangi kwa vipepeo waliotua kunyonya unyevu. Mume wangu, Un-hai, alikuwa kijana wa wavu, akiwakamata kwa kuuza. Mimi nilikuwa karakanani na wasichana wenzangu, tukibandika mabawa yao kwenye picha za kupelekwa ng'ambo. Vumbi la mabawa liling'aa vidoleni mpaka kwenye bakuli la wali. Un-hai alileta mzigo wake umekunjwa ndani ya karatasi za pembetatu, na alihakikisha ni mimi ninayefungua. Ndivyo tulivyojuana. Mkubwa kuliko wote alikuwa yule wa dhahabu: mabawa ya mbele meusi, ya nyuma manjano kama kiini cha yai.

Sasa Un-hai ana presha ya macho. Pembeni haoni kabisa, katikati limebaki tundu dogo kama la ufunguo. Daktari alisema dawa inachelewesha tu, haiponyi. Tukiwa njiani kurudi, Un-hai aliniambia jambo moja:

"Mama Siok-bin, natamani nimwone mmoja wa dhahabu uani kwetu. Akiwa hai. Wote niliowahi kuwatazama vizuri walikuwa wamekufa."

Binti yetu Siok-bin, ambaye ni msusi, aliyachukua maneno ya baba yake kama amri. Akaenda sokoni, akarudi na mmea wa kutambaa kutoka ugenini, ua lake kubwa kama sahani, lina madoa ya rangi ya ini. Muuza miche alimwambia vipepeo wa dhahabu wanaupenda. Na kweli waliupenda. Jike alikuja wakati Un-hai yuko kliniki, akataga, akaenda zake. Viwavi wakatoka, wakala, wakalegea, wakaanguka mmoja baada ya mwingine. Mama yao alinusa jani akadhani ni lile analolijua tangu utotoni. Jambo hilo lilinikosesha usingizi: mama anawaandalia wanawe sumu, na anaondoka akiwa na amani.

Siok-bin alilia.

"Ungejuaje, mwanangu?" baba yake akamwambia. "Ung'oe."

"Lakini baba, watu wanasimama hapa kupiga picha."

"Wapige picha ya ukuta."

Akaung'oa.

Tuliouhitaji ni ule wa kwetu, wenye majani membamba na ua dogo kama kiko cha mzee. Zamani ulikuwepo kwenye kila ukingo wa shamba. Kingo zikatiwa saruji, zilizobaki zikapigwa dawa. Tulizunguka sana, tukaukuta mahali pamoja tu: kwenye kaburi la mama mkwe wangu, upande wa kulia. Ilikuwa bado baridi, na Un-hai akasema vipande vikikatwa wakati huo havitashika, tungoje uchipue.

Ulichipua karibu na siku ya makaburi. Tulipanda na keki zetu za kijani za kuwatolea wazee na karatasi za njano za kutandaza juu ya kaburi, tukamkuta shemeji yangu Un-tik, kaka mkubwa, ameshafika kutoka Taichung na mashine yake ya kufyekea.

"Hili ni kaburi au kichaka?" alisema. "Wapita njia watadhani mama yetu hakuzaa!"

"Kaka, uache huo upande wa kulia," Un-hai akasema.

"Niuache kwa nini? Kwani huoni ulivyo..."

"Sema tu. Sioni."

Nikaingilia. "Shemeji, kuna mayai kwenye yale majani."

"Ya nyoka?"

"Ya kipepeo."

Alicheka mpaka mashine ikatikisika begani. "Mnakaa karibu na mama mwaka mzima, kumbe mnamfugia wadudu! Halafu sisi wa mjini ndio tunaoambiwa hatuna adabu."

Akavuta kamba, mashine ikanguruma. Un-hai akatangulia akipapasa kwa fimbo, akafika kwenye ule mmea, akaketi juu ya kaburi la mama yake na kuuzingira kwa miguu. Nilipiga kelele. Kisu kinazunguka, na yeye hakioni!

"Un-hai! Mguu wako!"

"Fyeka, kaka. Nizunguke tu."

"Unamkalia mama!"

"Nimemkalia mgongoni utoto wangu wote, hakuwahi kulalamika."

Un-tik alisimama. Usoni alikuwa mwekundu, kisha nikaona mdomo wake unacheza. Akazima mashine, akatema mate pembeni, akaiwasha tena, akafyeka upande wa kushoto peke yake. Kaburi likabaki kama mtu aliyetoroka kwa kinyozi. Tulipopanga karatasi na kuziwekea vijiwe, upande wa kulia alipanga yeye, akiinua majani kwa vidole viwili.

"Nyoka akitokea, msiniite," alisema.

Kijijini walituteta, wakasema tumemfugisha mama ndevu. Waseme. Tulikata vipande vichache visivyo na mayai, tukavipanda uani. Un-hai alipima udongo kwa kidole na kumwagilia. Baadhi vilishika. Joto lilipozidi jike akaja, na safari hii viwavi walinenepa kama kidole gumba.

Lakini lile tundu la ufunguo halikutungoja. Asubuhi kipepeo alipotoka kwenye ganda lake na kuning'inia kukausha mabawa, nilimvuta Un-hai mkono, nikamsimamisha mbele yake kabisa.

"Wapi?"

"Hapo! Puani kwako!"

Alitazama sana. Ukungu mtupu. Nikataka kulia, Siok-bin akanizuia. Akachukua kidole cha baba yake, akakisogeza taratibu chini ya miguu ya yule mdudu, na mdudu akahamia.

Un-hai hakupumua. Kipepeo alipanda kidole, akavuka kiganja, akaingia kwenye mkono wa shati.

"Ana makucha," alinong'ona. "Mama Siok-bin, sikujua kwamba wana makucha."