Wasimamizi Wawili wa Mirathi ya Kinyozi

Kinyozi alipofariki, waliokuja kutoa pole walimpita dada yake mlangoni wakaenda moja kwa moja kwa mjane. Dada alikaa kwenye kiti cha plastiki akiwatazama wanavyoinama, wanavyomshika wifi yake mikono, wanavyomnong'oneza. Mmoja alirudi hadi alipokaa. Dada akajiweka sawa kupokea pole yake. Yule mtu akamwuliza choo kiko wapi.

Na yeye ndiye aliyemlea marehemu. Mama yao aliaga dunia mdogo wake akiwa bado hajaanza shule, naye Dada, ambaye mtaa mzima ulimwita hivyo hivyo, hata waliomzidi umri, akaacha masomo akaenda kuwa mpishi wa shule ili mtoto yule asome. Wachumba walikuja, akawaambia wangoje kwanza, hawakungoja. Mvulana akakua, akajifunza kunyoa, akafungua kibanda chake chenye kioo kirefu ukutani. Kisha akaoa mwalimu wa chekechea mwenye sauti laini, na tangu siku hiyo Dada alikuwa na kitu kimemkaa kooni, hakimezeki wala hakitemeki.

Msiba ulipoisha, ukoo ulikutana sebuleni kwa baba mdogo kumpendekeza msimamizi wa mirathi, yaani mtu wa kwenda mahakamani kupewa idhini ya kushughulikia mali ya marehemu.

"Mimi naona tumpe mjane," alisema baba mdogo. "Ana mtoto, na anayajua mambo ya mume wake."

"Mambo gani anayoyajua?" Dada aliuliza.

"Dada, usianze."

"Sijaanza. Nauliza."

Baba mdogo akaomba wanaokubali wanyooshe mikono. Mikono ilinyooshwa yote, isipokuwa wa kwake.

Basi Wifi akaenda mahakamani na cheti cha kifo pamoja na muhtasari wa kikao, akafungua maombi. Tangazo likabandikwa kwenye ubao wa nje: mwenye pingamizi ajitokeze kabla ya tarehe fulani. Dada aliomba ruhusa kazini akaenda kulisoma kwa macho yake. Jina la mdogo wake lilikuwa juu, la Wifi chini yake, kama vile duniani hawakuwahi kuwepo watu wengine. Akaingia ndani kwa karani, mwanamke mnene aliyepandisha miwani kwenye nywele.

"Nataka kupinga."

"Wewe ni nani wa marehemu?"

"Mama yake."

Karani akashusha miwani, akafunua jalada. "Hapa wanasema mama alishafariki."

"Dada yake, basi. Lakini mama yake ni mimi."

"Naandika dada," karani alisema, si kwa ubaya, akaandika.

Siku ya kusikilizwa, Wifi alifika amevaa sweta la kijivu lenye mikono iliyokunjwa mara kadhaa. Dada alilitambua kabla hajamtambua aliyelivaa. Yeye ndiye aliyemnunulia mdogo wake sweta lile, baridi ilipomshika kifua mwaka mmoja. Alitamani kulivuta pale pale, mbele za watu na mbele ya sheria.

Hakimu alikuwa kijana mwenye mafua. Alipenga kamasi, akaomba radhi, akamgeukia Dada.

"Mama, unapinga kwa sababu gani? Mwombaji amefuja mali?"

"Hapana."

"Amemficha mrithi yeyote?"

"Hapana. Warithi ni yeye na mtoto. Mimi najua mimi si mrithi, Mheshimiwa."

"Sasa tatizo liko wapi?"

Maneno yote aliyoyapanga wakati akikoroga masufuria ya shule yalimkimbia, likabaki moja tu. "Hamjui."

"Hamjui nani?"

"Mdogo wangu. Mimi nimemfundisha kutembea. Huyu amemkuta ameshakuwa mtu, ananukia vizuri, ana kazi. Sasa yeye ndiye anaulizwa kila kitu!"

Nyuma mtu akacheka, akanyamazishwa. Hakimu alisema taratibu kwamba mahakama haitafuti anayemjua marehemu zaidi. Inatafuta mtu atakayekusanya mali, alipe madeni, awagawie warithi, kisha alete taarifa. Dada akaona uso unamwaka moto.

Ndipo Wifi aliposimama. "Mheshimiwa, naomba tuteuliwe wote wawili. Peke yangu sitaweza."

Hakimu akakubali. Watu wakatoka wakimsifu Wifi, moyo gani ule. Dada alitoka akiwa amekasirika kuliko alivyoingia. Hata kwa wema alikuwa ameshindwa.

Kuanzia hapo hakuna lililofanyika bila wao wawili kuweka sahihi. Kule benki mtumishi alivuta kiti kimoja akasema, "Karibu, mjane"; Dada akakikalia. Ofisi ya ardhi waliambiwa warudi, wakarudi, wakaambiwa mwenye funguo za kabati yuko likizo. Walikaa kwenye benchi moja, mkoba wa Dada katikati yao kama ukuta.

Kilichobaki ni kuorodhesha vitu vya kibandani. Wifi aliandika, Dada alitaja. Mashine za kunyolea. Taulo. Kiti cha kuzunguka. Kioo.

"Kile kiti hakupenda kukiita kiti," Dada alisema. "Alikiita bosi."

"Najua."

"Unajuaje?"

Wifi akaweka kalamu chini. Sauti yake laini haikuwepo tena. "Najua kwa sababu nilikuwa mke wake! Unafikiri nilikaa naye nikiwa nimefumba macho? Unajua mimi nimeishije na wewe ndani ya nyumba ile? Nikipika, ananiambia Dada anapika tofauti. Nikimfulia, Dada anakunja hivi. Akiugua anakuita wewe usingizini, mimi niko pembeni nimeshika bakuli. Siku ya harusi yangu aliniambia nijitahidi nifanane na wewe. Siku ya harusi, Dada! Nilikuchukia wewe hata kabla hujanichukia."

Dada alishika ukingo wa meza. Kilichomjia kwanza si huruma. Kilikuwa furaha, furaha kubwa ya aibu, ikampanda hadi masikioni. Alimwita usingizini.

"Alisema hivyo kweli?" aliuliza. "Ufanane na mimi?"

Wifi alimtazama, akaona ile furaha, akashindwa kujizuia akacheka huku machozi yanamtoka. "Wewe mwanamke una roho mbaya sana."

"Ninayo," alisema Dada, naye akaanza kulia, kilio ambacho siku ya msiba hakuna aliyekuja kukipokea. Wifi akampa taulo la kinyozi. Lilikuwa bado na nywele za wateja. Wakafutia machozi humo humo.

Mambo hayakuwa asali tangu siku ile. Walibishana kuhusu kibanda: Dada alitaka kifungwe, kibaki kama kilivyo, Wifi alitaka apangishwe kinyozi mwingine, mtoto apate ada. Wifi ndiye aliyekuwa na haki, na Dada alitia sahihi, ingawa barabara ile hakuipita tena kwa muda mrefu. Kiwanja alichoacha marehemu kikaandikwa kwa jina la mtoto. Waliwasilisha taarifa ya mwisho, hakimu akaisoma, mafua yakiwa yamepona, akawaruhusu na kufunga jalada.

Walisimama nje kwenye geti la mahakama. Hapakuwa tena na ofisi ya kwenda pamoja. Wifi alimpa mkono kumuaga.

"Jumapili mlete mtoto kwangu," Dada alisema, kwa sauti ya kutoa amri. "Na usije na chakula. Nitapika mimi."

"Nitakuja nacho."

"Nimesema usije nacho."

"Na mimi nimesema nitakuja nacho," alisema Wifi, akavuka barabara.