Jicho la Pili la Lango

"Moja, mbili, sema!"

Tulitaja namba zetu kwa pamoja, mimi nikiwa ofisini mjini Nyeri, Mama Kabura akiwa kule juu ya Wamagana, ukingoni mwa msitu, penye lango la mto. Yeye alisema arobaini na moja. Mimi nikasema arobaini na nne. Simu ilikwaruza kidogo, kisha nikamsikia akisonya.

"Hiyo kioo yako imedanganya tena, Bwana Simiyu."

"Si yangu, Mama Kabura. Mimi niliikuta tu."

"Ati si yako! Na nani analala akiiota?"

Ndivyo ilivyokuwa kila asubuhi mwaka ule wa themanini na tatu. Lango lile la chuma liligawa maji ya mradi wetu. Lilipopanda au kushuka, mhimili wake ulizungusha kisahani cha kioo chenye mistari myembamba kuliko unywele. Upande mmoja wa kisahani palikuwa na taa ndogo, na upande wa pili kijicho cha umeme kilichohesabu mistari inayopita. Hesabu ilisafiri kwa waya hadi kwenye kisanduku mezani pangu, ikawaka namba nyekundu. Mama Kabura, mlinzi wa lango, alisoma rula iliyopakwa rangi ukutani kuona lango limepanda sentimita ngapi. Mkuu wetu, Bwana Kingori, ndiye aliyeamuru tutaje kwa pamoja, ili asiwepo wa kuiga namba ya mwenzake. Na maadamu namba hazikupatana, kioo hakingeaminiwa, wala Mama Kabura hangeruhusiwa kuondoka kule.

Mimi nilikuwa mpweke, sina haja ya kuzungusha maneno. Nilitoka kwetu Kimilili, magharibi, baada ya kumzika mke wangu, nikapanga chumba mtaa wa Majengo. Majirani walinisalimu vizuri, kisha wakaendelea na Kikuyu chao uani, wakacheka, nami nikatabasamu bila kujua tunacheka nini. Siku nyingine simu ile ya asubuhi ndiyo yaliyokuwa maongezi yangu yote. Kwa hiyo namba zilipokosana nilikunja uso kama fundi yeyote, lakini moyoni nilijua tuna la kuongea mpaka chai ipoe.

Asubuhi moja hakusonya.

"Nilienda nyumbani Mukurweini jana," alisema. "Si unajua Kabura nilimwachia mamangu? Nilidhani atanikimbilia. Wapi! Amejificha nyuma ya mamangu, cucu yake, halafu ananiita auntie."

Niliweka kalamu chini.

"Bwana Kingori ameniahidi kazi ya hapo nyumbani, hiyo kitu ikianza kusema ukweli. Tafadhali, tengeneza. Huyu mtoto atanisahau kabisa."

Nikasema nitajaribu.

Nilimwelekeza kwa simu apanguse umande kwenye kioo. Akapangusa. Abadilishe taa. Akabadilisha. Namba zilikataa kupatana, ila zilikataa kwa utaratibu: lango likifunguliwa robo, kisanduku kilizidisha; nusu, kikasema kweli; robo tatu, kikapunguza. Kitu kilichochakaa hukosea ovyo. Hiki kilikosea kana kwamba kimefundishwa.

Jibu nililipata Majengo, Jumamosi, nikinywa chai peke yangu hotelini. Mwenye hoteli aliweka santuri ambayo tundu lake lilikuwa limetanuka. Mwimbaji alijivuta kama mwenye usingizi, mara akakimbia, akajivuta tena, na mkono wa sindano ukayumba ndani na nje. Mifereji ya santuri ilikuwa mizima. Tundu tu ndilo lililohama katikati.

Kikombe nikakiacha pale pale. Kisahani chetu pia kilikuwa na mistari safi juu ya mhimili usiokaa katikati yake hasa. Kukisogeza kwa vidole hakungefaa, maana upana wa unywele tu ungetosha kukiharibu zaidi. Lakini ningeweza kufunga kijicho cha pili, kikitazamana na cha kwanza ng'ambo ya kisahani. Cha kwanza kikitangulia, cha pili kingechelewa kwa kiasi kile kile. Jumlisha, gawanya kwa mbili, na kosa linakwisha.

Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu. Kisha nikakumbuka simu ya asubuhi, na furaha ikaniishia.

Jumatatu nilipanda Wamagana na vifaa vyangu. Niliogopa kwamba nikingoja siku moja, nitazoea kungoja.

Mama Kabura alikuwa mfupi kuliko sauti yake, amevaa koti la kiume na buti za mpira. "Kumbe ndiye wewe," alisema. "Nilifikiria wewe ni mzee." Alinishikia tochi nilipokuwa nikifunga kile kijicho, kisha tukaketi kutazamana, tukala ndizi za kuchemsha. Sisi tuliopiga domo kila siku, siku hiyo tulitazama sahani zetu na kusifu ndizi. Baridi ya msitu ilipenya hadi mifupani, na bado sikutaka kuinuka.

Kesho yake, nikiwa nimerudi ofisini, simu ililia saa ile ile.

"Moja, mbili, sema!"

"Thelathini na nane!" tukasema wote wawili.

Alipandisha lango hadi robo tatu. Tukataja, zikapatana. Akalishusha, zikapatana tena. Alicheka kwa sauti, kicheko kikaisha, na hakuna kati yetu aliyekata simu. Niliusikia mto nyuma yake.

"Bwana Simiyu, sasa utakuwa unaongea na nani?"

"Na kisanduku."

"Hiyo haitakujibu."

"Enda nyumbani, Mama Kabura. Mtoto anakungoja."

Mwezi uliofuata dereva wa mradi aliniletea mkungu wa ndizi kutoka Mukurweini, na ujumbe wa mdomo: niambiwe kwamba Kabura sasa anamwita mama, na anaita mpaka anachosha. Ndizi niliwagawia majirani. Nilizobakisha zilinishinda kumaliza.

Kule juu hapakuwa tena na mtu, na Bwana Kingori alikisifu kioo mbele ya wageni. Lakini saa ya simu ilipofika, mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye simu. Asubuhi moja niliiinua, nikasikia mlio mtupu wa waya. Kisanduku kiliwaka mbele yangu. Nikahesabu moja, mbili, nikataja hamsini na tano kwa sauti.

Hakuna aliyenipinga.