Nyuzi Tatu

Mama yake Kamikazi aliacha kula mwezi wa nane. Huko Buffalo, Amerika, kwa mwanawe Ndahiro, aliletewa maziwa, ndizi, uji wa mtama, mpaka supu ya kuku wa kienyeji aliyetafutwa nje ya mji kwa gari. Alionja kijiko kimoja cha adabu, akashukuru, akasukuma bakuli. Daktari alisema ni uzee uliochanganyika na huzuni, jambo ambalo hata bila shule ya udaktari lilionekana. Ndahiro akampigia dada yake kule Louisville, akamwambia bila kuzunguka.

"Mama iko anaisha, Kamikazi. Anaomba tu bile viazi bya malishoni. Mimi nitabitosha wapi?"

Viazi vyenyewe si viazi. Ni vitunguu vidogo mno, ukubwa wa punje ya mahindi, vyenye ganda gumu la kahawia. Vinakaa chini ya ua la zambarau linalochungulia kwenye nyasi za nyanda za juu za Kivu Kusini mvua ikikatika. Ua hilo lina maringo: jua likiwaka linafunguka, wingu likipita linajifunga. Watoto wachungaji walivichimba kwa kijiti wakavila palepale, vitamu kama njugu mbichi. Ila kulikuwa na sharti, na halikuwa la mchezo. Kabla ya kuchimba unalifungua ua na kuhesabu nyuzi zilizosimama katikati. Zikiwa tatu, chimba. Zikizidi, acha, kanawe mikono. Mtoto aliyekula bila kuhesabu alichapwa hata kama hakuumwa tumbo.

Kamikazi alikimbizwa kutoka huko akiwa na miaka saba. Alichobeba ni kumbukumbu ya mtoto, yaani rangi na utamu. Sharti alilisikia tu mama yake akilisimulia, mwaka baada ya mwaka, kambini na baadaye Amerika.

Alikuwa akiishi Beechmont na kufanya kazi Shively, pande zilezile za Louisville, kwa bibi mmoja mzungu, akimwogesha, kumpa dawa na kumsikiliza. Mwisho wa mwezi wa tisa, akitoa takataka, aliyaona. Maua ya zambarau iliyopauka, chini kabisa, yamefunguka juani nyuma ya nyumba. Kamikazi alipiga magoti kwenye udongo na sare yake ya kazi. Hata hakuona haya kulia.

Ni kweli hayakuwa na majani, na yale ya nyumbani yalikuwa na majani membamba kama nywele. Alijiambia labda yameliwa. Bibi, alipoombwa, alisema achimbe anavyotaka, ni maua ya miaka mingi, hata sungura hawayagusi. Kamikazi akajiambia sungura wa Amerika wameshiba. Vitunguu vilipotoka ardhini vilikuwa vikubwa kama kitunguu saumu kizima. Huku kila kitu ni kikubwa, alijiambia, hata kuku. Mtu akitaka jambo liwe kweli hakosi la kujiambia.

Alichimba kwa kijiko cha jikoni mpaka akajaza mfuko. Maua aliyakata na kuyatupa, yasije yakaoza njiani. Aliyatupa bila kulifungua hata moja.

Ijumaa alfajiri alishika barabara. Alipofika Columbus alipita kumsalimu mama mdogo wake, Mama Esperance, akamwachia vitunguu kumi. Mama Esperance alikigeuza kimoja mkononi kwa muda mrefu, kama anayekagua sarafu bandia.

"Bon. Na ua yake iko wapi?"

"Niliikata, mama mudogo. Yangeoza."

"Basi mimi nitangoja ingine." Akaviweka kwenye sahani dirishani. Kamikazi alicheka, akambusu, akaondoka. Alidhani ni uzee tu.

Buffalo alifika alasiri. Mke wa Ndahiro, Jolie, alimpokea kwa mikono yenye magamba ya samaki. Jolie ni mtu wa Bukavu, na kwa ajili yake nyumba nzima iliacha lugha ya ukoo ikazungumza Kiswahili, jambo ambalo baadhi ya jamaa hawajamsamehe mpaka leo. Kamikazi alimenya vitunguu, akavikaanga kwenye kikaango kikavu, akampelekea mama yake kitandani. Mzee alijiinua mwenyewe. Miezi miwili hakuwa amejiinua mwenyewe.

Alichukua kimoja, akakinusa, akamtazama binti yake.

"Ulihesabu?"

"Nilihesabu, mama. Ziko tatu."

Hivyo tu. Uongo mdogo, wa kutomharibia mtu raha. Nani kati yetu hajawahi kuusema?

Mama alitafuna. "Iko chungu kidogo."

"Ni udongo wa huku."

Alikula tisa, wakubwa wengine wakimwachia vyote. Mjukuu wake Sandrine, binti wa Ndahiro, mwenye miaka kumi, alipewa kimoja, akakirudisha akisema, "I'm good, Bibi," na kukimbilia simu yake. Jioni mama aliomba chakula cha kweli, na Jolie akampakulia samaki na sombe, yale majani ya muhogo, naye akamaliza sahani. Ndahiro aliinamisha uso akamshukuru Mungu kwa sauti. Kamikazi alilala usingizi mzito wa mtu aliyefanya jema.

Asubuhi mama alikuwa akitapika. Kufikia saa sita mchana alikuwa hospitali, akihara maji matupu, midomo imekauka, na daktari kijana akauliza wote waliosimama pale: alikula nini?

Ndahiro alimtazama mke wake.

"Ile samaki," alisema. "Ilikalaka inje ya frigo siku muzima?"

"Ndahiro, sisi wote tulikula ile samaki."

"Sisi hatuko bazee!"

Jolie alirudi nyumbani na Kamikazi kuchukua nguo za mama, akaitoa mifuko yote ya samaki kwenye friza akaitupa, kisha akasugua sufuria kwa waya mpaka vidole vikachubuka. Kamikazi alisimama mlangoni akiwa na khanga za mama mikononi. Neno la vitunguu lilikuwa limeshamfika kooni. Akilisema, ilikuwa lazima aseme na lile lingine, kwamba hakuhesabu. Akalimeza. Alijiambia huenda ni samaki kweli.

Jumapili walienda kusali, na wanawake wa kanisa, waliokwisha kusikia habari ya samaki, walimsalimia Jolie kwa ncha za vidole. Kamikazi aliyaona hayo. Alifungua kitabu cha nyimbo na kuimba.

Jumatatu asubuhi, wakiwa kwenye korido ya hospitali, simu yake ililia. Alikuwa Mama Esperance, na kama kawaida yake alipiga kelele hata watu wa mbali wakasikia.

"Kamikazi! Bile bitunguu byako bimetoa maua! Kwenye sahani, bila maji, bila budongo! Nimefungula, nimehesabu. Sita! Nimehesabu mara tatu, iko sita! Umuambie dada yangu asikule!"

Ndahiro aligeuka polepole.

"Ulimuambia mama ziko tatu," alisema. "Nilikuwa pale. Nilikusikia."

Kamikazi akamwambia daktari kila kitu. Sandrine, aliyekuwa nao pale, ndiye aliyetafuta kwenye simu kwa picha ya ua aliyoituma Mama Esperance, akawasomea. Ua la malishoni kwao lina jina la vitabuni, Romulea, na ni la ukoo wa maua yaitwayo airisi, lenye nyuzi tatu. La Shively ni la ukoo mwingine kabisa. Yanafanana uso tu, na hilo la pili ni sumu toka ua mpaka kitunguu. Daktari alisema sumu hiyo haina dawa ya kuifuta. Watamsaidia moyo na figo na kungoja. Kamikazi aliuliza kama wangemwokoa endapo angesema Jumamosi. Daktari alitazama viatu vyake akasema wangejua mapema wanapambana na nini. Afadhali angemtukana.

Mama alikuwa bado na akili zake. Kamikazi aliukamata mkono wake, mwepesi na baridi.

"Mama, sikuhesabu."

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Ulijibia mbio. Mutu mwenye alihesabu anafikiri kwanza." Akapumzika kuvuta pumzi. "Na mudomo ilinikatalia."

"Sasa ulibikulia nini, mama?"

"Ulitoka mbali. Na ulikuwa unaniangalia vile." Alifumba macho, na Kamikazi akadhani amelala. Kisha akasema, "Umuambie Jolie samaki ilikuwa tamu."

Alifariki Jumatano, saa nne asubuhi, jua likiwa limejaa dirishani.

Nyumba ilijaa watu wa matanga, na Kamikazi alimkuta Jolie jikoni peke yake mbele ya rundo la vyombo. Alimpa salamu ya mama jinsi ilivyokuwa, neno kwa neno. Jolie aliendelea kuosha. Mgongo wake ulitikisika kidogo, ukatulia.

"Dada," alisema bila kugeuka. "Jumamosi, wakati nilikuwa natupa samaki, ulikuwa unajua?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwa Kamikazi, fupi, la kumponya mtu. Hapana. Hakuna ambaye angewahi kulikagua. Alilizuia. Alirudi nyuma kwa mawazo, Jumatano, Jumanne, Jumatatu, Jumapili na kitabu chake cha nyimbo, mpaka akafika mlangoni pale Jumamosi, khanga za mama mikononi.

"Ndiyo," alisema. "Nilijua."

Jolie alifunga maji. Alipangusa mikono yake iliyochubuka, kidole kimoja kimoja, akaning'iniza kitambaa, akatoka kwenda kukaa na wageni.

Kamikazi alibaki na vyombo.